Tulizika Yago, Naye Akaamka Dukani Kwangu

Chacha yupo. Hilo nalisema kwanza, usije ukadhani hadithi hii nimeiokota njiani. Pikipiki yake nyekundu husimama ng'ambo ya duka langu hapa Migori kila asubuhi, na ukimuuliza kuhusu siku ile ya mvua atakwambia alisinzia kwenye kiti changu, akaota kitu asichokikumbuka, akaamka uso umelowa. Hayo ndiyo anayoyajua yeye, na ni kweli tupu. Yaliyobaki ninayajua mimi peke yangu. Sikuwa nimelala, sikuwa mgonjwa, na pombe sijaionja tangu nizaliwe. Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana huko mbele sidhani utapata nafasi.

Mimi ni kifungua mimba. Kwetu ni ng'ambo ya Magunga, upande ambao usiku ukitulia unasikia fisi wa mbuga ya Ruma. Baba alitangulia. Mama akamfuata nikiwa kidato cha pili, na waombolezaji waliporudi makwao nilikunja sketi yangu ya shule nikampa jirani mwenye binti. Nyuma yangu walikuwa wawili: Omondi, aliyekuwa bado anachunga ndama, na Akinyi, aliyekuwa bado ananyonya kidole. Ungefanya nini? Nilikuja Migori. Nilifua nguo za watu, nilikaanga mandazi, mwishowe nikaingia kwenye duka la kupiga chapa na fotokopi, na mwenye duka alipohamia kwao akaniachia niliendeshe.

Omondi ndiye aliyeanza kuniita Mikayi. Kwa Kijaluo mikayi ni mke wa kwanza katika boma, mwenye nyumba kubwa, ambaye neno lake likitoka limetoka. Nilikuwa namwamuru aoge, asome, asile kabla ya Akinyi, naye anasimama kama askari na kusema, "Ndiyo, Mikayi." Aliniita hivyo tukiwa wawili tu, kwa sababu nilimwambia akithubutu kuniita mbele za watu nitamtwanga.

Alipokua alipenda sauti kama wengine wanavyopenda nyama. Alipanga chumba mjini Homa Bay, akaegemeza magodoro kwenye kuta, akawa anarekodi kwaya na vijana wa muziki wa benga. Na alikuwa na kitu kimoja alichokuwa anakihamisha kutoka simu hadi simu tangu utotoni, mpaka kikaishia kwenye laptopu yake: sauti ya Mama. Siku moja mjomba alikuja nyumbani na simu mpya inayorekodi, akaiacha mezani imewashwa, na Mama akatoka mlangoni kutuita. Anaita jina langu, anaita la Omondi, anaita la Akinyi, kisha anasema, "Biuru uchiem," yaani njooni mle. Basi. Hiyo ndiyo sauti yake yote iliyobaki duniani.

Omondi akaitengenezea wimbo. Aliizungushia gitaa na ngoma ndogo, na baada ya kila jina akaacha nafasi tupu. "Hapo tutaitikia," aliniambia kwa simu. "Wewe, halafu mimi, halafu Akinyi. Mje Disemba nimalize." Ile ya kwenye simu ya zamani ilishapotea na simu yenyewe. Iliyobaki ilikuwa ndani ya wimbo huo.

Disemba haikumfikia. Alialikwa kisiwani kurekodi kwaya ya harusi. Alibeba maikrofoni na kinasa sauti kidogo, laptopu akaiacha chumbani kwa kuwa aliogopa maji yataiharibu. Hebu fikiria. Aliogopa maji kwa ajili ya laptopu. Mashua ilipinduka mchana, upepo ukivuma, na wenzake wote walipatikana, walio hai na wasio hai. Yeye hakupatikana. Nilikaa ufuoni mpaka waliokuwa wanapiga mbizi wakaacha kunitazama usoni.

Kwetu mtu ambaye mwili wake haukuonekana haachwi hivyo hivyo. Hukatwa tunda la mti wa yago, refu, zito, lenye ngozi ya rangi ya majivu, nalo huwekwa kwenye jeneza badala yake. Huliliwa kama mtu na kufukiwa kama mtu. Shati nililichagua mimi. Umewahi kulia juu ya tunda? Mimi nililia, na katikati ya kilio nikawa najiuliza kama alipozaliwa alikuwa na uzito huo. Udongo uliposhindiliwa, baba mdogo alinigeukia mimi hasa. "Tangu leo kijana amelala hapa," akasema. "Hata akitokea langoni kwa miguu yake miwili, hafunguliwi. Aliyezikwa kwa yago haji nyumbani."

Laptopu nilikuja nayo Migori. Paswadi sikuijua, kwa hivyo nilikuwa naiwasha nione picha yake inavyotokea, akicheka na hedifoni shingoni, kisha naizima. Siku moja radi ikapiga nguzo ya stima jirani na kwetu, laptopu ikiwa kwenye chaji. Ikanuka moshi. Haikuwaka tena. Nilipiga goti sakafuni nikaishika kama kuku aliyekanyagwa na gari.

Ouma, rafiki yake Omondi anayetengeneza simu na kompyuta pale Rodi Kopany, alipita kunisalimia, nikamwonyesha. Akaifungua kwa bisibisi ndogo, akainusa.

"Mwili umekufa, dada," akasema. "Lakini diski ni nzima."

Akaitoa, akaitia kwenye kiboksi chenye waya, akaichomeka kwenye kompyuta kubwa ya dukani. Faili za Omondi zikaonekana zote. Tukashangilia mapema. Tulipoufungua ule wimbo ulikataa kabisa, ukawa unaulizia vitu ambavyo kompyuta yangu haina.

"Huu si wimbo mmoja," Ouma akanieleza. "Ni vipande vingi, na vinajua kukutana ndani ya programu zake tu, vile alizipanga mwenyewe. Lazima tuamshe kila kitu kama alivyokiacha."

"Na laptopu imeungua."

"Ndiyo. Kwa hivyo tutaiamsha ndani ya yako."

Akataja jina la Kiingereza, virtual machine. Nilivyoelewa mimi, ni kompyuta isiyo na chuma, inayoishi ndani ya kompyuta yenye chuma. Unaifungulia dirisha kwenye skrini, unaiambia diski ile ya kwenye kiboksi ndiyo diski yake, na ule mfumo uliozoea kukaa kwenye laptopu unaamka ndani ya dirisha ukidhani uko kwake.

"Itajua?" nikauliza.

"Itajua nini?"

"Kwamba hapo si kwake."

Ouma akacheka. "Itashangaa kidogo. Itatafuta skrini yake, itatafuta spika zake, ikose. Ipuuze tu. Lakini mambo mawili, dada, sikia. Ikiwa imeamka kule ndani, usiifungue diski hiyo huku nje. Pande mbili zikishika kitu kimoja kwa pamoja, kinaharibika chote. Na usiizime kwa kung'oa waya. Iache ijizime yenyewe."

Akabofya hapa na pale. Dirisha jeusi likatokea katikati ya skrini yangu. Likakaa. Kiduara kikazunguka, yakaja maandishi kwamba inatayarisha vifaa, kwamba kifaa fulani hakikupatikana, na kingine, na kingine. Halafu, taratibu, Omondi. Anacheka, hedifoni shingoni. Chini ya picha, kijisanduku cha paswadi.

Ouma alipoona ninavyotazama akakohoa. "Ngoja nikaazime flashi ya kuvunja paswadi kwa jamaa yangu huko sokoni. Narudi sasa hivi."

Hakurudi sasa hivi. Mvua ilishuka akiwa njiani, ile mvua ya Migori isiyobisha hodi, na jioni ikaingia giza kabla ya wakati wake. Stima ikapotea. Kompyuta haikuzimika kwa sababu chini ya meza kuna betri ya akiba, ile inayolia tii, tii, kama kifaranga aliyeachwa. Duka zima likawa na mwanga mmoja tu, ule wa uso wa ndugu yangu.

Ndipo Chacha akaingia mbio, maji yakimtiririka kwenye koti.

"Siz, nijikinge kidogo. Hii mvua haina adabu."

"Ingia, lakini usinilowanishie karatasi."

"Karatasi zako zimezoea machozi ya watu wa kutafuta kazi. Zitashindwa na maji yangu?"

Huyo ndiye Chacha. Ni Mkuria, mtu mnene, sauti nzito ya kukwaruza, na kidole cha kati cha mkono wa kushoto kimebaki nusu tangu alipokuwa akikata miwa. Kijaluo chake ni cha kununulia samaki tu. Nilimpa kile kiti cha mbele ya kompyuta kwa sababu hakukuwa na kingine.

"Huyu ni nani anacheka hivi, kama ameachiwa urithi?"

"Ndugu yangu."

Akageuka kunitazama. "Yule wa ziwa?"

"Yule wa ziwa."

"Pole, siz."

Nikageuka kusogeza ndoo mahali paa linapovuja. Nikiwa nimeinama nikasikia vidole kwenye kibodi. Si vidole vya mtu anayechezea kitu cha wenyewe. Vilikwenda haraka, vyepesi, na mwisho kofi moja dogo kwenye kitufe cha mwisho. Omondi alikuwa anakipiga kitufe hicho vivyo hivyo, kama anaua mbu, na nilimgombeza miaka mingi kuwa siku moja atakivunja.

Nilipoinuka, kijisanduku cha paswadi hakikuwepo tena. Dirisha lilikuwa limefunguka.

"Mikayi," mtu akasema kutoka kwenye kile kiti, "hii kibodi yako ni ngumu kama ugali wa jana."

Sauti ilikuwa ya Chacha, ile ile ya kukwaruza. Niamini. Lakini alisema kwa Kijaluo, tena Kijaluo cha kwetu, cha kule Suba, kinachovuta maneno mwishoni. Na hilo jina hakuna mtu Migori anayelijua. Hata Ouma halijui. Hata Akinyi.

Unasema ungekimbia? Hata mimi ningesema hivyo. Lakini huyo ni mtu niliyemkata kucha, niliyemtapisha mafuta ya taa alipokunywa akidhani ni soda. Miguu ilikataa kumkimbia. Niliweka ndoo chini, nikavuta kreti la soda, nikakaa kando yake.

Alikuwa anatafuta kitu kwenye skrini, paji la uso limekunjamana. "Kuna kitu hakiko sawa," akasema. "Spika zangu sizioni. Skrini imekuwa ndogo. Kila kitu hapa ni changu, na hakuna kilicho mahali pake." Akainua mkono wa kushoto kwenye mwanga, akaugeuza, akaugeuza tena. "Mikayi. Kidole changu kimeenda wapi?"

Nilikumbuka Ouma alivyosema, itashangaa kidogo, ipuuze. Kwa nini nisingeipuuza? Nakwambia bila kuficha: nilitazama mlango nikafikiria kufuli. Nilifikiria betri nyingine, hata jenereta ya jirani yangu kinyozi. Kama dirisha lile lisingefungwa, nani angemwondoa? Angekaa pale kitini, angeniita Mikayi, angelalamikia kibodi mpaka nizeeke. Uso si wake, ndiyo. Ningezoea uso.

Simu ikalia kifuani mwake, ndani ya koti. Aliitoa kwa vidole viwili akaishika mbali, kama mtu aliyekamata panya.

"Hii ni ya nani?"

Jina lililokuwa likiwaka lilikuwa Mama Boke. Huyo ni mke wa Chacha. Huuza ndizi karibu na stendi, mtoto mgongoni, na kila mvua ikinyesha humpigia mumewe kumuuliza kama amejikinga, kwa sababu barabara ya Isebania huteleza. Mimi mwenyewe nimemsikia mara nyingi, na Chacha akimjibu kwa kiburi, "Kwani mimi ni chumvi?" Simu ikalia mpaka ikakatika. Ikaanza tena.

Pande mbili zikishika kitu kimoja.

"Omondi," nikasema, "mwili huo si wako."

"Ni wa nani?"

"Ni wa mtu mwema. Anatafutwa nyumbani kwake."

"Wangu uko wapi?"

Nikamwambia. Nilimwambia mashua, upepo, kwaya iliyomsubiri kisiwani ikaimba wimbo mwingine. Nilimwambia wenzake walipatikana. Alisikiliza huku mkono wa kulia ukigonga paja polepole, kama alivyokuwa akihesabu ngoma. Nilipofika mwisho, mkono ukasimama.

"Kwa hivyo mlifanyaje?"

"Tulizika yago."

Nje, mvua ilikuwa inapiga mabati. Betri ikalia tii, tii.

"Lilikuwa kubwa?" akauliza.

"Refu kama mkono wangu. Nililivisha lile shati lako la kijani."

"La kijani? Mikayi, hilo nilikuwa nalipenda."

"Ndiyo maana."

Akacheka kidogo, kisha hakucheka tena. Yeye pia ni mtoto wa kwetu; hakuhitaji kuelezwa. "Basi nyumbani siji," akasema.

"Huji."

"Hata kumwona Akinyi."

"Hata kumwona Akinyi. Yuko kidato cha tatu. Anakula sana na anabisha sana."

"Vizuri." Akapangusa uso kwa mkono ule wenye kidole nusu. "Wacha basi nimalize wimbo wa Mama. Nikiuacha hivi hakuna atakayeumaliza. Nipe flashi."

Nilimpa flashi ya dukani, akaichomeka. Akaufungua ule wimbo. Haukukataa chochote, vipande vyote vilikuja vikajipanga kwenye skrini, vyekundu na vya bluu, kama nguo kwenye kamba. Akavuta maiki ninayotumia kuita wateja wa foleni.

"Mama akikuita, itikia hapa."

Nyanya alitufundisha tukiwa wadogo kuwa ukisikia jina lako na humwoni anayeita, funga mdomo, kwa sababu kuitikia ni kukubali. Si kwamba walioenda ni wabaya, alisema. Ni wapweke.

"Siitikii," nikasema.

"Ni Mama, Mikayi. Mama atakufanya nini?"

"Najua ni Mama. Nikienda, Akinyi atabaki na nani?"

Alinitazama kwa macho ya Chacha, macho mekundu ya vumbi la barabara, na kwa mara ya kwanza nikaona ameelewa ninachoogopa. "Haya," akasema taratibu. "Mimi nitaitikia langu."

"Na jina la Akinyi ulitoe."

"Lote?"

"Lote. Lisiwepo kabisa."

"Siku akilitafuta?"

"Nitajua la kumwambia. Litoe, Omondi."

Alisita. Ninamshukuru kwa kule kusita. Kisha akalishika lile pande dogo la sauti ya mama yetu, lililokuwa mwisho wa majina, akalifuta.

Halafu akarekodi. Gitaa likaanza, la mbali, na ngoma. Na Mama akatoka mlangoni. Sijui nikueleze vipi. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye haraka, moshi wa kuni kooni, anayeogopa ugali utapoa, asiyejua kuwa kuna siku atakufa. Akaita jina langu. Nilijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, nikauma kiganja mpaka nikaonja damu, kwa sababu koo langu lilikuwa limeshafunguka kama la mtoto. Katika ile nafasi tupu ilisikika mvua tu.

Kisha akamwita Omondi.

"Abiro, Mama," akasema kwenye maiki. Ninakuja.

"Biuru uchiem," Mama akamalizia.

Alihifadhi wimbo kwenye flashi, akaichomoa, akaniwekea kiganjani. Betri ilikuwa sasa inalia bila kupumzika. Akashika kipanya, akanigeukia.

"Nizime?"

"Jizime mwenyewe," nikamwambia. "Mimi sikuzimi."

Mara ya kwanza maji yalimzima bila kumuuliza. Nilitaka hii ya pili iwe yake.

"Umekonda, Mikayi," akasema. "Kula."

Akabofya. Kiduara kikazunguka, yakaja maandishi ya kuaga, na lile dirisha katikati ya skrini likawa jeusi. Sikugusa waya. Nilikaa nikatazama mpaka nikauona uso wangu mwenyewe humo.

Simu ilipolia tena, mkono wenye kidole nusu ukaipokea haraka. "Ee, Mama Boke. Niko hapa kwa siz wa fotokopi. Kwani mimi ni chumvi?" Akakata, akajinyoosha, akanitazama kwa aibu. "Siz, nimelala?"

"Umesinzia kidogo."

"Mbona uso wangu umelowa?"

"Paa linavuja," nikasema.

Mvua ilipopungua akaenda zake kwa mkewe. Ouma alirudi na flashi ya kuvunja paswadi, suruali imelowa hadi magotini, akajaribu kuiamsha ile diski. Haikuamka. Ameijaribu mara nyingi tangu siku hiyo, hapa na kwake Rodi. Anasema ni kama diski ambayo haijawahi kuandikwa kitu.

"Ni nani aliizima kwa nguvu?" aliniuliza.

"Hakuna. Ilijizima yenyewe."

Nilimpa flashi ya wimbo aisikilize. Akakunja uso. Akasema haiwezekani, kwa sababu hakuwa ameiruhusu ile kompyuta ya ndani kuona flashi wala maiki ya nje. Vitu hivyo viwili havikuwa na njia ya kuingia humo. Lakini wimbo upo, na yeye aliusikia. Baada ya jina la Omondi, anayesema "Abiro, Mama" si Chacha mwenye sauti ya kukwaruza. Ni Omondi. Ouma aliinuka akatoka nje akasimama kwenye matope, na hatujauzungumzia tena.

Sasa nisikilize, wewe unayenisoma. Mtu akikuletea diski ya marehemu wako akakwambia inaweza kuamka ndani ya kompyuta nyingine, sikukatazi. Najua kiu hiyo. Lakini jua kabla hujaiwasha utamwambia nini atakapokuuliza yuko wapi, kwa maana atauliza. Usimwache kule ndani akidhani yuko kwake. Mwili uliomleta usiung'ang'anie, una watu wake. Na ukisikia jina lako, hata kama ni sauti uliyoililia miaka yote, nyamaza.

Nasema hivyo kwa sababu jambo hili halijaisha kwangu. Zamani Mama aliita jina langu mara moja tu. Sasa nikiucheza ule wimbo ananiita, mvua inanyesha, halafu ananiita tena. Ouma angesema nimesahau ulivyokuwa. Sijasahau.

Akinyi aliusikiliza kwa hedifoni, macho ameyafumba. Ulipoisha akaurudisha mwanzo. Akaurudisha tena. Akazivua hedifoni polepole.

"Dada," akasema, "mimi Mama hakuniita?"

Nilimwambia alikuwa mdogo sana, alikuwa amebebwa mgongoni, na mtu haitwi akiwa mgongoni. Akaitikia kwa kichwa. Anabisha kila kitu huyo mtoto, lakini hilo hakulibisha. Alikunja waya wa hedifoni vizuri, akauweka mahali pake, akaenda kulala bila kula.

Sitamwambia. Jina lake lilikuwepo, la mwisho, Mama alilivuta kwa utamu kuliko yetu sote, na mimi ndiye niliyeagiza lifutwe. Kwa hivyo siku hizi jioni, ugali ukiiva, huwa sitoi sauti kutoka jikoni kama zamani. Natoka mpaka mlangoni, nasimama vile Mama alivyokuwa akisimama, namwita Akinyi aje ale. Namwita mara mbili, moja yangu, moja ya Mama. Majirani wanadhani ni ukali.